Kosa ni la Mwanga

Yona alikuja kwangu kipindi cha baridi mwaka huu, mkewe akitangulia na yeye nyuma, mkono wake begani mwa mkewe, kama watembeavyo watu wasioona. Sikumjua. Mara ya mwisho nilimwacha mtoto wa mapengo, na sasa ana ndevu zimeanza mvi. Alinipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akasema yeye ni mjukuu wa Mama Nyemo wa Bahi. Ameulizauliza kwa muda mrefu, akaambiwa kwamba katika wote walioiona ile picha nimebaki mimi tu ambaye maneno yangu hayabadiliki. Wengine wamekufa, wengine kila mwaka wanasimulia upya. Akataka kitu kimoja. "Mama, nieleze ilikuwaje ile picha. Bibi yangu aliuawa na picha ambayo hata ningekuwepo nisingeiona."

Nikamwambia anywe chai kwanza. Mimi si mtu wa kulia mbele ya wageni, na kazi ya kuchochea kuni jikoni ilinisaidia. Halafu nikamweleza, kuanzia asubuhi ile mpaka jua lilipohamia ukuta wa pili. Wanangu hawajawahi kuyasikia haya. Hawakuniuliza, nami sikuona faida, kwa sababu hakuna kilichoweza kurudishwa na hakuna kitakachorudi. Lakini kilichonifanya niandike ni neno alilolisema Yona mwishoni, wakati anatafuta fimbo yake aondoke. Nitalifikia.

Mwaka ule ulifuata mvua kubwa. Mbuga ya Bahi ilikuwa imejaa maji hadi mahali ambapo hata wazee walikuwa wanalima mtama, kambare wakaokotwa kwa mikono, na mpunga ukaota wenyewe pembeni mwa njia. Ndiyo ilikuwa miaka ile ya ruksa: ghala la ushirika kijijini kwetu lilikuwa tupu, popo ndani, lakini duka la mitumba lilikuwa na watu tangu asubuhi, na redio ilikuwa imeleta neno jipya, mwekezaji. Mwekezaji wetu hatukumwona uso. Tuliona watu wake. Walikuja na gari, wakatazama maji yale yanavyometameta hadi mlimani, wakasema hapa patajengwa hoteli na mji mdogo wa kando ya ziwa. Ziwa, walisema. Sisi tuliozaliwa pale tulijua kwamba maji ya Bahi ni mgeni, huja mwaka akipenda na huondoka bila kuaga. Kila mtu alilijua hilo, hata mtoto. Lakini hakuna aliyelisema, na mimi hadi leo naamini hatukunyamaza kwa woga. Tulinyamaza kwa sababu tulitaka wao ndio wawe wanajua, sisi tuwe wajinga, maji yabaki.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza darasa la nne na nimesahau nusu yake, na nikapata kazi ya kuwapikia watu wale mjini Dodoma. Walipanga nyumba Area C, yenye uzio wa michongoma na chumba cha uani ambacho nilipewa mimi. Sebuleni kulikuwa na meza ndefu ya ramani, na hapo ndipo alipokaa mkubwa wao, mtu wa Dar es Salaam tuliyemwita Bwana Mradi, anayekula chipsi kwa uma na kulalamikia vumbi. Chumba cha pili kilifungwa mapazia mchana kutwa. Humo mlikuwa na kompyuta, imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti wakati haitumiki, na feni inayoipulizia yenyewe, si mtu. Mwenye chumba hicho alikuwa kijana wa Kirangi kutoka Kondoa, Issa, mpole, mwembamba, aliyesomea uchoraji wa majengo nje ya nchi na kurudi na macho mekundu. Kazi yake ilikuwa kuchora kitu ambacho hakijakuwepo hadi mtu aamini kipo. Hachori kwa kalamu. Anapanga ndani ya mashine mlima, maji, nyumba, anaiambia jua liko wapi na lina ukali gani, halafu anabonyeza na kusubiri. Wakati wa kusubiri alikuwa akisema, "Inapika." Nilicheka siku ya kwanza. Nikamwuliza inapika nini, akasema picha, na kwamba ikiguswa kabla haijaiva inaharibika. Na kweli, ukitazama kwenye kioo, ilikuwa inaiva kuanzia juu kwenda chini, ukanda kwa ukanda: mbingu kwanza, halafu mlima, halafu maji. Umeme ukikatika inabaki mbichi, anaanza upya.

Neno la pili alilonifundisha halikunichekesha. Wiki ya kwanza nilimsikia kwenye simu akimwambia mtu kwamba mwanga wake bado haujakaa vizuri, na kwamba atashinda chumbani mpaka ampate mwanga wa Bahi. Au ndivyo masikio yangu yalivyolisikia. Kwetu, jua ni jua, taa ni taa, mwangaza ni mwangaza. Neno mwanga tulilijua kwa kazi moja tu: ni yule mtu anayetembea usiku uchi kwenye nyua za wenzake. Siku tatu nilimpelekea chakula nikakiacha mlangoni. Alipogundua alicheka hadi akakaa chini, akanieleza kwamba kwa watu wa kazi yake mwanga ni ile nuru yenyewe, inavyoanguka juu ya vitu, inavyogonga ukuta na kurudi. Akaja jikoni kunionyesha. Nilikuwa nimeosha mchele, naelekea kumwaga maji.

"Dada Dorika, usiyamwage."

"Ni maji ya mchele, kaka. Unataka kuyanywa?"

"Yaweke dirishani."

Nikayaweka. Jua likaingia kwenye beseni, likapanda likacheza kwenye dari yangu nyeusi ya moshi, likitetemeka kama kitu hai. Alisimama pale akitazama dari hadi maharage yangu yakashika chini. Akasema huo ndio mwanga, dada, na kila kitu kinachoupokea lazima kiulipe kwa kivuli. Baada ya hapo nikawa nimezoea. Alikuwa anatoka uani akishika vumbi, analirusha, anaangalia rangi yake jua likipita ndani. Aliniambia miti iliyokuja na mashine ni ya Ulaya, yote mirefu na mibichi, na kwamba ameitupa ili atengeneze migunga yetu mwenyewe, na kwamba hewa ya Dodoma jioni ina rangi ya chai ya maziwa na bila hiyo kila mtu atajua ni uongo. Nilimwonea huruma kidogo. Mtu anatokwa jasho namna ile ili uongo ukamilike.

Tatizo lilikuwa watu. Bwana Mradi aliitazama picha iliyoiva, hoteli ya kupendeza, maji kama kioo, akasema nyumba zinaonekana kama viberiti, weka watu ili anayetazama ajue urefu wake. Nilikuwa naondoa vikombe, nilisikia kwa masikio yangu. Watu wa kipimo, ndivyo alivyosema, basi. Lakini watu waliokuwa ndani ya mashine walikuwa Wazungu, wameshika miavuli na mbwa, na Issa akakataa. Akasema atakwenda kijijini kupiga picha watu wenyewe wa pale. Akaenda na kamera. Aliwasimamisha mmoja mmoja juani kando ya ghala, akiangalia jua litoke upande uleule linakotoka kwenye picha yake. Na Mwenyekiti wa kijiji, ambaye kwake kila jambo lazima liwe na tangazo, akatangaza kwamba anayepigwa picha ndiye atakayepewa mahali kando ya ziwa. Hakuna aliyemwambia atangaze hivyo. Pia hakuna aliyemkanusha. Watu waliazima kanzu, waliazima viatu, mwanamke mmoja aliazima mtoto.

Mama Nyemo hakuwepo siku hiyo. Alikuwa amempeleka Yona Buigiri, kwenye shule ya watoto wasioona. Yona alikuwa mtoto wa Nyemo, bintiye, aliyekwenda machimboni na mume na kunyamaza huko. Bibi ndiye aliyemlea, ndiye aliyehangaika hadi akapata nafasi ile, na kijijini walimsema kwamba amemtupa mtoto kwa wamisionari. Alirudi akakuta kila mtu yumo isipokuwa yeye. Hakusubiri. Alipanda lori la mpunga, akashuka Dodoma na kuku kwapani, akauliza nyumba hadi akaingia jikoni kwangu na kukaa sakafuni, miguu ameinyoosha, kaniki yake imejaa vumbi.

Nilimpa ugali wa uwele na mlenda, naye akala polepole huku akisikiliza feni ya kule chumbani. Akaniuliza kama ni kweli kwamba wote wamo. Nikamwambia wamo, lakini ni picha tu, Mama Nyemo, wametiwa kuonyesha urefu wa nyumba. Akaniangalia kama mtu anayemsikiliza mtoto. Alisema hakuna mtu anayeingizwa mahali bure. Akaomba nimwitie kijana mwenye mashine, na Issa alipokuja na kumwamkia, akamkabidhi yule kuku na kumwambia neno ambalo nililirudia kwa Yona kama lilivyo: "Niweke njiani, pale gari linaposhushia watu. Mtoto wangu akirudi anikute hapo."

Issa hakumkataa. Lakini siku ile kulikuwa na wingu, na wageni walikuwa wanafika kesho yake, na Bwana Mradi alikuwa anatembeatembea sebuleni akigonga saa yake. Issa alimsimamisha barazani, chini ya paa, akampiga picha moja. Watu hawakupikwa pamoja na picha. Alikuwa anawabandika baadaye yeye mwenyewe, juu ya picha iliyoiva, na kila mmoja akamchorea kivuli chake chini ya miguu, kirefu, kikielekea upande mmoja na vya wenzake, akikitazama kwenye kamera kilivyokuwa. Mama Nyemo picha yake haikuwa na kivuli cha kutazama. Umeme ukakatika mara mbili. Kesho yake alimbandika gari likiwa limeshawashwa nje na honi inalia, akachapa karatasi moja moja, tukazigandisha kwenye ubao pamoja, mimi na gundi ya unga niliyoipika mwenyewe. Nilimwona Mama Nyemo pale njiani, amesimama vizuri, kaniki yake, uso umeinuka. Nilifurahi. Mimi niliangalia uso. Miguu sikuiangalia, na wala Issa hakuiangalia.

Mkutano ulikuwa kando ya ukuta wa ghala la ushirika. Nilikwenda nao kwa ajili ya kuwapikia wageni, nikaliona jambo lote nikiwa na mwiko mkononi. Ubao uliegemezwa ukutani na watu wakaukimbilia. Sijawahi kuona furaha ya namna ile, na sijaiona tena. Kulikuwa na maji kwenye picha, na ng'ambo ya watu, nyuma yao kabisa, kulikuwa na maji yenyewe, na ulikuwa huwezi kusema yapi ni ya kweli zaidi. Hata mimi niliyeshika gundi nilisahau. Watu walijitafuta. Mzee mmoja aliambiwa tumbo lake hata kompyuta imeshindwa kulipunguza. Yule mwenye mtoto wa kuazima alidaiwa mtoto wa watu palepale, kwa vicheko. Mama Nyemo alijipenyeza mbele, akajiona, akaweka kidole kwenye kifua chake cha karatasi na kukiacha hapo.

Ni binti mmoja aliyesema, na hakusema kwa ubaya. Alisema tu kwamba wote wana vivuli isipokuwa Mama Nyemo. Watu wakasogea. Kicheko kiliondoka kama maji yanavyoingia mchangani, kwanza mbele, halafu nyuma. Wote waliona. Watu zaidi ya ishirini, kila mmoja na kivuli chake kirefu cha jioni, na katikati yao mwanamke mmoja amesimama kama hakugusa ardhi.

Mama Nyemo mwenyewe alicheka. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaonyesha chini, jua likiwa wazi kabisa, akauliza na hiki hapa ni nini. Akajibiwa na mzee aliyekuwa jirani yake, mtu ambaye alikuwa amekula kwake miaka mingi. Hakupaza sauti. "Hicho tunakiona sisi. Mashine imeona ambacho sisi hatukioni."

Issa akawa ameelewa kwamba kuna jambo, bila kuelewa ni jambo gani. Alikuwa mtoto wa watu wenye adabu. Alitaka kubeba lawama mwenyewe. Akasimama mbele ya ubao, akaomba radhi kwa wazee, na akasema kwa Kiswahili chake kizuri cha vitabuni: "Wazee wangu, bibi huyu msimlaumu. Kosa ni la mwanga."

Mwenyekiti alikuwa ndiye mkalimani, maana wazee wengi Kiswahili kwao kilikuwa cha sokoni tu, na aligeuka na kuwapa kwa Kigogo. Hakutafuta neno. Lilimjia lile analolijua. Alisema kijana anasema makosa haya ni ya muhawi. Mchawi. Alisema hivyo kama anavyosoma tangazo la chanjo ya ng'ombe. Na Issa, asiyejua Kigogo, akaitikia kwa kichwa, kuthibitisha.

Niliweka mwiko chini nikasema. Nilieleza kwa Kigogo kwamba kwa watu wa kazi hiyo mwanga ni nuru, ni jua linavyoanguka, hata mimi nililisikia vibaya mwanzoni. Nilisema mengi, nilimtaja yule kuku, nikataja wingu, nikataja umeme kukatika. Nikaambiwa nikae chini, mimi nakula kwa hao wenye mradi. Wageni waliuliza kuna nini, Bwana Mradi akawaambia ni mambo ya mila, akaagiza wapewe soda. Mkutano ukaendelea. Watu wakakubali vigingi vipigwe kwenye mashamba yao ya mpunga. Hilo ndilo lililokuwa ajenda na lilipita bila mtu kulipinga, kwa sababu kila mtu alikuwa akiangalia ardhi karibu na miguu ya Mama Nyemo.

Issa nilimweleza njiani tukirudi, kwenye gari, polepole. Tulipofika hakukaa. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akafungua mashine, akamchorea Mama Nyemo kivuli ambacho nadhani ni kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora. Kilikuwa na ukungu pembeni, kilipanda kwenye kijiwe na kushuka upande wa pili kama kivuli cha mtu kweli. Tukagandisha ubao mwingine. Tukaurudisha kijijini siku mbili baadaye, yeye na mimi tu, akijua hakika kwamba kosa likirekebishwa watu huona limerekebishwa. Huyo ni mtu aliyesoma. Mwenyekiti aliutazama ubao mpya kwa muda, akautazama na ule wa kwanza, akasema mbele ya watu waliokuwa wamekusanyika: "Juzi hakuwa nacho. Leo anacho. Amekitoa wapi?"

Basi kila mtu akaanza kukagua chake. Nimewaona watu wazima wakijigeuza juani. Yule mzee wa tumbo alisema chake kimekuwa chembamba, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtania. Halafu ndipo yakafuata yale ambayo Yona alikuwa anayajua kwa uvumi, na nilimthibitishia yote. Majivu mlangoni kwa bibi yake asubuhi. Njia ya kisimani, iliyokuwa inapita mbele ya nyumba yake ya tembe, ikahamishwa na miguu ya watu ndani ya wiki moja ikapita kwingine. Na lile swali la wanawake kisimani, ambalo sikutaka kumtamkia mtoto wa watu usoni, lakini aliniambia nitamke: kwamba macho ya yule mtoto aliyala nani, na kwa nini alikimbilia kumficha Buigiri. Yona aliitikia tu. Alisema hilo aliwahi kulisikia akiwa mdogo, likizo, akadhani wanamzungumzia mtoto mwingine.

Miezi ikapita, na maji yakafanya kama yafanyavyo. Yalianza kurudi nyuma mwezi wa saba. Kufikia mwezi wa tisa yalikuwa ni utepe mahali pa mbali, na tope lililopasuka likawa na vigingi vya hoteli vimesimama ndani yake, na kitambaa chekundu juu ya kila kimoja. Mpunga haukulimwa kwa sababu ya vigingi. Wageni walikuja mara moja, wakasimama mahali Issa alipochora baraza la kunywea kahawa, wakatazama ng'ombe wakipita katikati ya ziwa, wakapanda gari. Hawakurudi. Nawaambia ninyi mnaosoma, hakuna hata mtu mmoja kijijini aliyesema kwamba maji haya huondoka siku zote. Walisema mwanga amekausha ziwa. Jambo walilolijua tangu kuzaliwa walilikana, kwa sababu walikuwa na picha, na kwenye picha maji yapo.

Siku Mama Nyemo alipokwenda Buigiri kumwona mtoto, walivuta nguzo za tembe lake paa likashuka. Alirudi akakuta udongo. Akaja kwangu, safari hii bila kuku.

Alikaa chumbani kwangu uani, na ofisi ilikuwa inakufa taratibu kule mbele. Bwana Mradi alikuwa ameshaondoka na meza. Issa alibaki kwa sababu hakuna aliyemwambia aende. Alikuja mlangoni kwetu siku ya kwanza, akasimama, shikamoo yake haikutoka vizuri. Mama Nyemo akamwambia asimame wima, yeye hakumkosea, alimweka palepale alipoomba. Issa akalia. Yeye hakulia. Baada ya muda Issa alimchapia ile picha ndogo, yenye kivuli, akampa. Aliipokea kwa mikono miwili, na aliiweka chini ya mkeka, uso ukitazama sakafu. Issa alipoondoka, aliifunga kompyuta kwa blanketi yake mwenyewe na kamba ya katani. Nilisikia baadaye yuko Dar es Salaam, anawachorea watu nyumba.

Nilidhani akikaa mbali na kijiji atapona. Nilikuwa kijana. Alikuwa anafagia, anachambua mboga, anasimulia habari za Yona, lakini nikaona kwamba kila asubuhi anatoka na kusimama uani, anaangalia chini upande wa magharibi, halafu ndipo anapiga mswaki. Jioni hivyohivyo, upande wa mashariki. Siku za wingu hakutoka kabisa. Na ilipofika mwezi wa kumi, ambapo jua la Dodoma hukaa juu ya kichwa kabisa, kuna saa ya mchana mtu akisimama kivuli chake kinaingia chini ya nyayo na kupotea. Ni kwa kila mtu, kwa kuku, kwa nguzo. Hakuwa amewahi kuliangalia jambo hilo maishani mwake, nani huliangalia. Siku moja nilimkuta katikati ya uwanja, ameinama, anazunguka polepole akitafuta. Nikakimbia nikasimama karibu naye, nikamwambia tazama, Mama Nyemo, hata mimi sina, ni saa tu hii. Akanitazama kwa upole sana.

"Chako kitarudi," alisema.

Hapo nikajua kwamba wamemshinda. Si kwamba wao waliamini yeye ni mchawi. Ni kwamba na yeye sasa aliwaamini. Hakutoka tena mchana. Chakula alikirudisha nusu, halafu robo, halafu chote. Nilimpeleka hospitali wakasema hawaoni ugonjwa. Alifariki kabla mvua hazijaanza, asubuhi, chai yangu ikiwa bado haijachemka. Tulimzika hapahapa mjini, watu wachache, mchungaji mmoja na majirani wa Area C ambao hawakujua jina lake. Kijijini nilituma habari. Hakuja mtu. Mtoto aliambiwa shule ilipofungwa.

Hayo ndiyo niliyomweleza Yona. Na picha nilimweleza yote kama alivyotaka: mlima, migunga, hewa ya rangi ya chai, maji, hoteli yenye baraza, watu wameazima kanzu, na njiani bibi yake. Kuhusu picha sikumpunguzia. Mkewe alikuwa anafuta machozi. Yeye aliuliza maswali madogo, upande gani jua lilikuwa, bibi alikuwa anatazama wapi. Nilimwambia alikuwa anatazama njia. 

Halafu akatafuta fimbo yake, na ndipo akalisema lile neno, akiwa ameshasimama, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo alichosahau kukinunua. Alisema alipokuwa mtoto, asubuhi za baridi alikuwa akikaa ukutani kwenye tembe kuota jua. Alikuwa hamwoni mtu yeyote anayekuja, wala bibi hakuwa na kishindo, alitembea pekupeku. Lakini alikuwa akijua amefika. Alikuwa akijua kabla hajasema neno, kwa sababu akisimama mbele yake joto lilikatika usoni, ghafla, kuanzia paji hadi kidevu. Ndipo alikuwa akinyoosha mikono.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilirudi nikakaa pale alipokaa. Kijiji kizima kilimkagua mwanamke yule miguuni, na mashine, na wazee; mimi na gundi yangu hata sikuangalia. Aliyekijua kivuli chake kwa uso wake alikuwa mmoja, wakati ule yuko Buigiri anafundishwa kusoma kwa vidole, na hakuna aliyekwenda kumwuliza. Sasa amesema bila kuulizwa, na bibi wa kuambiwa hayupo.